Ujia wa Nyuma ya Magunia

Mbata ilinifukuza sebuleni kwangu. Nilianza na magunia mawili nyuma ya mlango, yakawa manne, yakapanda juu ya kochi, na mwishowe nikawa nakaribisha wageni jikoni. Nazi iliyopasuliwa na kuanikwa mpaka ikakauka ina harufu tamu siku za mwanzo. Baadaye harufu ile inaingia kwenye nguo, kwenye mkate, kwenye nywele, na kanisani watu wanajua umekaa benchi lipi kabla hawajakuona. Jirani yangu aliniambia, "Mama, wewe ukipita tu nasikia njaa ya wali." Nikamwambia harufu ni bure, akitaka wali alete mchele.

Biashara yenyewe ni rahisi kuieleza. Kulala nayo usingizi ndiyo kazi. Ninanunua mbata kwa wakulima wa Kakuyuni, nje kidogo ya Malindi, ninaiweka, na ikishatosha, lori la kiwanda cha mafuta linatoka Mombasa kuja kuichukua. Wakati wa jua kila mtu ana mbata kavu na bei iko chini, maana jua halibagui. Masika ikiingia, nazi zinaota ukungu uani, na yule aliyeweka mbata kavu tangu kiangazi ndiye anayeketi kitini na kutaja bei. Nilikitaka kiti hicho. Nilichokosa ni mahali pa kukiweka.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta ghala, na hapo ndipo hofu iliponiingia. Mimi nimeshapunguziwa bei na watu walioapa kwamba hawapunguzi. Nimeshasimama mbele ya wenye maduka wenye sauti za kutisha watoto, nikatoka na mzigo kwa nusu ya walichotaka. Lakini kuchagua chumba kulinikausha mate. Ghala dogo likijaa, mzigo unalala nje, na masika haina huruma. Ghala kubwa lisipojaa, unalipa kodi ya giza. Yote mawili yanaua, ila moja linaua kwa kelele na jingine linaua kimyakimya, mwezi hadi mwezi.

Nilijitengenezea kipimo. Kilikuwa kamba ya katani yenye mafundo, na kutoka fundo hadi fundo ni urefu wa gunia moja lililojaa na kulazwa. Kila chumba nilichoonyeshwa niliitandika kamba ile sakafuni, kisha nikaipandisha ukutani, nikahesabu mafundo. Halafu nikahesabu tena kuanzia upande wa pili, maana macho yakikitaka kitu huruka fundo.

Dalali aliyenizungusha alikuwa mtu wa maneno mengi na viatu vizuri. Kwanza alinipeleka kwenye ghala la mabati nje ya mji, kando ya barabara ya kwenda Kilifi. Nilipiga hodi kwa mazoea, na ghala likanijibu hodi. Ndani mlikuwa na popo mmoja tu, na hata yeye alionekana mpweke.

"Hili ndilo lako, mama," dalali akasema. "Lori linaingia na kugeuka humuhumu."

"Lori likigeuka humu litakuwa linatafuta mzigo uliko."

"Ghala ni kama kiatu cha shule. Unamnunulia mtoto kikubwa, mguu unakikuta."

"Mtoto ana uhakika wa kukua. Mbata yangu nani ameiahidi?"

"Unaweka pamba mbele, mama, kama tulivyowekewa sisi."

"Na pamba hiyo utailipa wewe?"

Akaangalia viatu vyake. Mimi nilirudi nyumbani. Nilijiona nimeketi katikati ya sakafu ile pana, magunia yangu machache yamejikusanya pembeni kama watu waliokuja matangani na hawamjui marehemu, na mwisho wa mwezi unabisha mlango.

Chumba cha pili kilikuwa ndani ya vichochoro vya Malindi ya zamani, kwenye nyumba ya mawe yenye kuta nene na dari ya boriti. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja mwenye miguu iliyochoka na macho yasiyochoka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa bara."

"Nimekaa hapa Malindi miaka mingi, Bibi."

"Hata papai hukaa sokoni, na halijawa muuzaji. Karibu ndani."

Mchana alikuwa peke yake. Mjukuu wake wa kike alifanya kazi hotelini kule Bofa, akirudi siku za mapumziko tu. Chumba cha kulala cha Bibi kilikuwa nyuma ya ghala, ukuta mmoja baina, na kitanda chake kilisukumwa mpaka kikaugusa ukuta huo, kwa sababu alipenda kuegemea. Kuinuka kulimchukua muda: kwanza bakora, halafu dua, halafu yeye mwenyewe. Kufika mlango wa nje bila mtu wa kumshika hakuweza.

Nikatandika kamba. Mafundo yakaingia yote, urefu na upana, na juu yakakaribia boriti. Nikahesabu kwa kurudi nyuma, jibu likawa lile lile. Kilikuwa chumba cha ukubwa wa hesabu yangu, bila pamba mbele. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kutafuta, nilikunja kamba bila kuhesabu mara ya tatu.

"Sharti moja," Bibi akasema akiwa mlangoni. "Ule upande wa nyuma, kando ya ukuta wangu, uache ujia. Upana wa mtu kupita ubavu. Na kile kidirisha cha juu, mwisho wa ujia, kinachotazama nje, usikizibe."

"Ujia wa nini, Bibi?"

"Wa kuachwa wazi."

"Kuna nini pale?"

"Nikikwambia utabishana. Nimekusikia ukibishana na huyu dalali wako tangu kwa muuza mahamri, kule mwanzo wa kichochoro."

Dalali akanivuta kando. "Mama, nyumba hizi za zamani zina wenyewe," akaninong'oneza. "Wengine hukaa chooni, wengine kisimani. Hawa watakuwa wa ujiani. Waache."

Mimi ni Mkristo, wa kwenda kanisani hata kukinyesha, na sina mkataba wowote na majini. Lakini mkataba wa pango nilikuwa naelekea kuufanya, na penye mkataba pana kupunguza.

"Bibi, kama nakatazwa kuutumia ujia, basi siulipii. Anayekaa humo ajilipie mwenyewe."

Bibi alinitazama, kisha akacheka bila sauti, mabega tu. "Unapunguza kodi kwa jina la jini?"

"Napunguza kwa jina la hesabu."

"Haya. Kodi ya ujia sitaki. Lakini uuache."

"Nimesikia, Bibi."

"Kusikia nako ni kitu," akasema.

Alikubali upesi mno. Sokoni nimejifunza kwamba anayekubali bei upesi ana jambo. Jambo nililiona, nikalipita, kwa sababu nilikuwa nimeshinda.

Kiangazi kizima nilijaza chumba kile. Kila gunia lilipita mtihani uleule: nachomoa kipande kutoka katikati ya gunia, si juu, kisha nakivunja. Mbata kavu inalia kap, kama ukuni mwembamba. Mbata mbichi inapinda kwanza, kama mtu anayetafuta uongo wa kusema. Iliayo inaingia, ipindayo inarudi Kakuyuni. Hamali wangu, mtu mzima wa huko huko Kakuyuni mwenye mabega ya kubeba mlango, alikuwa akinicheka.

"Mama, wewe hata Mungu akikupa nazi utaivunja kwanza."

"Yeye akinipa, nitavunja mbili."

Ujia ulikaa wazi. Nilipoupita ubavu, tumbo likigusa magunia na mgongo ukigusa ukuta wa Bibi, nilikuwa nikiona mzigo ambao ungelala pale bila kulipiwa senti. Nafasi tupu ni tusi kwa mfanyabiashara. Ilinikaa mwilini kama mwiba wa samaki, haikuniua wala haikunitoka.

Kisha mawingu yakaja mapema kuliko tulivyozoea. Wakulima wakashtuka, kila mwenye nazi uani akataka kuuza kabla haijanyesha, na asubuhi moja pikapu ikasimama mwanzo wa kichochoro imejaa mpaka inapumua kwa shida. Nikachomoa kipande, nikavunja. Kikapinda, ndipo kikalia.

"Hii inapinda," nikamwambia muuzaji.

"Inapinda kwa heshima tu, mama. Imekuona."

"Nami nimeiona. Irudi nyumbani."

"Nyumbani kuna mvua! Hapa itakaukia ndani kwako, palipo pakavu. Sema bei yako."

Niliisema bei ya matusi, ile unayoitaja ili mtu akasirike aondoke. Akakubali. Bei kama ile sijaipata tena, na siombi kuipata. Tatizo ni kwamba chumba kilikuwa kimejaa. Palibaki mahali pamoja.

Hamali alisimama na gunia begani. "Mama, pale Bibi alikataa."

"Alikataa bila sababu."

"Sababu anayo. Hajaisema tu."

"Mbingu inanguruma, na wewe unaniletea mashauri? Weka."

Akaweka. Nami niliomba kimoyomoyo, kwa adabu, kwamba kama kuna aliyekaa pale asogee kidogo. Magunia yakapangwa ujiani mpaka yakafika kidirishani, na la mwisho likalala mbele ya kidirisha kama kichwa juu ya mto. Nikahesabu mzigo wote. Nikahesabu tena. Jumla ilikuwa sawa, lakini haikunipa raha niliyoitarajia. Nikafunga kufuli, nikaivuta, nikatembea kidogo, nikarudi kuivuta.

Masika ikaingia kwa vishindo. Kila kukinyesha nilikuwa mlangoni pa ghala na mwavuli usiosaidia, nikikagua. Niliogopa paa. Niliogopa mfereji wa jirani uliofurika kuelekea kwetu. Niliogopa kizingiti, nikanunua turubai, nikaogopa panya wasitoboe turubai. Magunia ya mbele niliyapapasa, yalikuwa makavu na ya baridi, nami nikarudi nyumbani nikijiambia ninaogopa bure. Hofu yangu yote ilikuwa juu, kwenye maji. Nyuma sikuweza kufika, na kwa kuwa sikuweza kufika, sikupafikiria.

Asubuhi moja niliingia kwa Bibi kumjulia hali. Nilimkuta ameketi kitandani, mgongo umeegemea ukuta, uso umetakata kama mtu aliyetoka kuoga.

"Shikamoo, Bibi. Mgongo vipi na baridi hii?"

"Marahaba. Alhamdulillahi, mwaka huu hata dawa sijapaka. Ukuta unanipenda."

"Ukuta?"

"Una joto, mwanangu. Naegemea tu, mgongo unalala. Njoo uguse."

Sikutaka kugusa. Mkono ulijua kabla yangu. Niliuweka kwenye chokaa, kando ya mto wake, na lile halikuwa joto la jua, maana jua hatukuwa tumeliona. Lilikuwa kama joto la paji la mtoto mwenye homa, lile ambalo mama huondoa kiganja, akakirudisha, akitumaini kwamba alikosea. Niliondoa. Nikarudisha. Sikuwa nimekosea.

"Tangu lini, Bibi?"

"Juzi kidogo. Leo zaidi. Mbona umekauka?"

Kila anayeshika mbata amesikia kisa hiki: mbata yenye unyevu ikibanwa pasipo hewa hujipika yenyewe. Inatoa jasho, inapata joto, joto linazaa moshi, na baada ya moshi wenye nyumba wanatafuta pa kulala, kama bado wapo. Mimi siku zote nilikichukulia kuwa kisa cha wanunuzi wanaotaka kushusha bei. Nilisimama pale chumbani kwa mwanamke asiyeweza kutembea peke yake, mgongo wake ukiota moto wa mbata yangu.

Nilikwenda ghalani mbio. Nilipofungua, magunia ya mbele yalikuwa ya baridi kama jana. Ila harufu ilikuwa imebadilika. Utamu ulikuwa umeondoka. Palikuwa na uchungu kama wa mafuta yaliyosahauliwa jikoni. Nikatoka nikazunguka ubavuni mwa nyumba kuangalia kidirisha. Pembeni mwa lile gunia lililokiziba kulikuwa na kitu chembamba kikitoka, mvuke au moshi, sikujua, na sikuwa na ujasiri wa kujua.

Hamali alikuja mbio, akapanda juu ya mzigo kwa tumbo mpaka nyuma, akatia mkono. Aliutoa haraka. "Si vidzo, mama," akasema kwa Kigiriama chake, na neno lile halikuhitaji mkalimani.

"Tuyatoe."

"Tukivuta ya mbele, hewa itafika nyuma. Ikifika, pengine yatawaka."

"Tusipovuta?"

"Yatawaka vilevile, lakini kwa wakati yanaoutaka yenyewe. Na Bibi yuko pale."

Basi Bibi kwanza. Nilirudi chumbani kwake nikijaribu kuweka sura ya mtu mwenye habari za kawaida.

"Bibi, twende nje kidogo."

"Na mvua hii? Nenda wewe. Mimi nina ukuta wangu."

"Bibi, nimeweka magunia kwenye ujia."

Akautoa mgongo ukutani polepole, kama mtu anayejitenga na rafiki aliyemsikia akimsengenya.

"Na kidirisha?"

"Nimekiziba."

"Makavu?"

"Yalipinda kidogo."

"Kidogo cha nani?"

"Bibi, tafadhali, inuka."

Nilitegemea ainuke. Akaweka mikono mapajani.

"Ujia ule utaulipa?"

Nilidhani sikusikia. Nyuma ya ukuta kitu kililia, gunia au boriti, hata leo sijui. "Nitaulipa, Bibi."

"Kuanzia lini?"

"Kuanzia mwezi huu."

"Hapana. Kuanzia siku uliyoingia."

"Kuanzia siku niliyoingia! Bakora iko wapi?"

"Usiniharakishe. Wewe uliponipunguzia mimi sikukuharakisha."

"Bibi, utaungua!"

"Nikiungua, kodi utamlipa mjukuu wangu. Sema mbele ya Mungu."

"Mbele ya Mungu, kuanzia siku niliyoingia."

Katika maisha yangu yote ya sokoni sijawahi kutoa bei ya kwanza niliyotajiwa. Siku ile niliitoa, na angetaka nyumba yangu ningempa, ingawa mwenyewe nimepanga.

"Haya," akasema. "Nishike kwapani, si mkononi. Mkono una kazi ya dua."

Alikuwa mwepesi mno. Hilo nalo liliniogopesha, kwamba mtu mwepesi hivi alikuwa akilala huku uzito wote ule umemwegemea upande wa pili. Tulipita ukumbini hatua ndogo ndogo, yeye akisoma dua kwa sauti ya chini bila kuharakisha hata neno, mimi shingo imegeuka nyuma. Nikamketisha kwenye baraza ya jirani wa mkabala, khanga mbili mabegani.

Kilichofuata siwezi kukieleza kwa mpango, kwa kuwa hakikuwa na mpango. Majirani walitoka na ndoo, wakakinga maji ya mfereji uleule niliouogopa. Hamali alijifunika gunia bichi kichwani akaingia. Alikuwa akivuta, nami nakokota hadi kichochoroni, mvua inaipiga mbata niliyoikinga na mvua tangu kiangazi. Kila gunia lililotoka nilisubiri mlio. Chumba kilizidi kupata joto kadiri kilivyozidi kuwa kitupu. Bibi alikuwa akitupigia kelele kutoka barazani.

"Moja moja! Msivute jingine kabla maji hayajafika!"

"Tunavuta moja moja, Bibi!"

"Uongo! Nimeona mawili!"

Tulipofika ujiani moshi ulikuwa umelala chini kama paka. Hamali alishika gunia la katikati, akavuta, na sehemu ya juu ikamfuata peke yake. Ya chini ilibaki. Kilichomwagika sakafuni kilikuwa cheusi, na ndani ya ule weusi kulikuwa na wekundu mdogo, unafunguka kama jicho la mtu aliyeamshwa. Nilimwaga ndoo. Jirani akamwaga yake. Chumba kikapiga mluzi, mvuke ukatufunika, sikuona hata mikono yangu, nikasikia sauti yangu inamwita Yesu na sauti ya jirani inamwita Mola wake, na siku hiyo hakuna aliyeuliza nani ameitwa kwanza. Tukamwaga tena. Tukamwaga na palipokwisha kuzimika, mimi zaidi ya wote.

Hamali aliungua kiganja, akakinyoosha nje mvuani bila kusema neno. Wengine wote tulikuwa wazima. Nilipokwenda chumbani kwa Bibi kuangalia, chokaa ya ukuta ilikuwa imegeuka rangi ya chai, doa pana, palepale pa mgongo wake. Niliketi kwenye kitanda chake nikalia kidogo, kisha nikafuta uso kwa shuka lake, nikatoka.

Bibi alikuwa amekwisha kuagiza chai kwa jirani.

"Kwa hiyo hakuna jini," nikamwambia.

"Nani alisema kuna jini?"

"Dalali."

"Dalali! Huyo hata nyumba yake hajui ina milango mingapi." Akapuliza chai. "Marehemu mume wangu aliweka mbata humo. Kila asubuhi alipita ujia ule ubavu, akatia mkono katikati ya magunia, mpaka hapa kwapani. Akihisi joto, analitoa gunia, analifungua, analianika. Kazi ya ujia ni hiyo. Na kidirisha nacho ni cha pumzi."

"Mbona hukuniambia, Bibi?"

"Ningekwambia ni ujia wa kutia mkono, ungeniambia mkono wako mwembamba, nusu yake yatosha. Ungenipunguzia mpaka nibaki na ufa. Nikaona heri uogope. Jini hapunguziwi."

"Nilimpunguzia."

"Ndiyo," akasema, akanywa. "Hilo sikulitarajia."

Mbata iliyolowa niliianika upya jua lilipochungulia, nikaiuza kwa bei niliyotajiwa na mtu aliyeketi kitini, mimi nimesimama. Dalali alisikia habari, akaja na viatu vyake. "Si nilikwambia, mama? Ungechukua kile kiatu kikubwa!" Nilimwambia lile ghala la mabati ningelijaza pia, mpaka yule popo angelala nje. Ninajijua. Hofu ya kuacha nafasi tupu ingenisukuma huko kama ilivyonisukuma huku, na moto ungekuwa mkubwa kwa kadiri ya chumba.

Sikuhama. Kile chumba ni cha ukubwa wangu, ila siku ile nilipotandika kamba nilipima magunia tu, mimi mwenyewe sikujipima. Siku hizi mwishoni mwa kamba kuna kipande kisicho na fundo: ni upana wangu nikisimama ubavu, na kila baada ya sikukuu nakipima upya. Mzigo usioingia unabaki Kakuyuni kwa wenyewe, na ukipinda hata kwa heshima, siuulizi bei. Ujia naulipa kamili. Bibi aliipokea kodi ya nyuma yote, akaihesabu, akanitazama machoni, akaihesabu tena.

Kitanda chake alikataa kisihamishwe. Mjukuu wake aliomba, mimi niliomba. Alisema miaka yote amelala pale na hatafukuzwa na nazi. Basi masika ikiingia sina raha. Nikisikia mvua inaanza sifikirii paa tena. Nakwenda, nafungua, najipenyeza ujiani, tumbo kwenye magunia na mgongo kwenye ukuta wake, natia mkono katikati mpaka kwapani, nabaki hivyo nimefumba macho, nikisubiri mkono uniambie. Upande wa pili Bibi anagonga ukuta kwa bakora.

"Vipi humo?"

"Baridi, Bibi. Mgongo wako je?"

"Unaniuma vibaya sana, mwanangu. Sijalala."

"Ashukuriwe Mungu," namwambia, nashusha pumzi. Kisha nautoa mkono ule, nageuka, natia wa pili.